Nani Ale Limbuko la Irunda

Sogeeni, na nyie mnaopiga miayo kaeni mbele nipate kuwaona. Leo nina fundo. Ni fundo la hadithi, linalotaka kufunguliwa, na ni fundo la moyoni pia, maana kila nikilisimulia hasira inanipanda upya. Msinitulize. Nijibuni.

Palikuwa na kijiji upande wa Kondoa, tukiite Irunda, na humo walikuwepo watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza alikuwa Dokta Eliakunda, mwanamke, na kipawa chake kilikuwa masikio. Alitoka chuo kikuu kuja kuchunguza ndege wa mashambani, akapanga chumba jirani na mashine ya kusaga. Mwanzoni akina mama walimpelekea watoto wenye homa, mpaka alipowaeleza kwamba udokta wake ni wa elimu ya ndege, wakarudi zao wakicheka njia nzima. Lakini mfunge kitambaa machoni umsimamishe pembeni ya shamba alfajiri, atakuambia huyu ni kuzi, yule ni kipwe, kule ni dudumizi, na yule anayelia kwa kukatakata ana makinda ya kulisha. Alitaka kujua ndege gani wanaishi penye vichaka vya mipakani, gani wanaishi pasipo na vichaka, na kila mmoja anakula nini.

Wa pili alikuwa Swedi, na kipawa chake kilikuwa mikono. Alikuwa mtega ndege, mwana wa mtega ndege. Alisuka matenga yenye mdomo mwembamba, akaweka ndani ndege mmoja wa kuitia wenzake, akakaa kusubiri. Kwelea waliingia wenyewe, na mkewe akawakaanga na kuwauza mnadani. Ndege aliyeshikwa na Swedi hakuvunjika hata unyoya mmoja, na akimwachia aliruka kana kwamba hakuna lililotokea.

Wa tatu alikuwa Bi Mwajabu, mjane, na kipawa chake, mtanisamehe, kilikuwa kichwa kigumu. Mnacheka. Kichwa kigumu ni kipawa kama vipawa vingine, ila hakuna anayekisifu mpaka siku kinapohitajika. Alikuwa na shamba la mtama, na mpakani mwake kichaka kinene cha miiba na minyaa alichoachiwa na marehemu mumewe.

Sasa shikeni mila moja ya Irunda, maana bila hiyo fundo halifungi. Mtama mpya haugawanywi, wala mbegu haitolewi ghalani, mpaka ugali wa limbuko uliwe. Bakuli ni moja, na anayelimbua ni mtu mmoja, yule aliyeuokoa mtama mwaka huo. Akishakula, neno la mipaka ni lake mpaka limbuko lijalo. Akisema kichaka kisikatwe, hakikatwi. Akisema kikatwe, kinakatwa. Miaka mingi walimpa tu aliyekaa sana juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, akiamia ndege wasile mtama, wakala, wakasahau. Mila ikawa nyepesi mikononi mwao, kama kitu kisichoweza kumdhuru mtu.

Kisha ukaja mwaka wa kwelea.

Nyie mnaonunua unga dukani hamumjui kwelea. Wingu linashuka shambani, na likiinuka yamebaki mabua. Watu wa Irunda walikaa juu ya madungu tangu alfajiri, wakipiga makopo na kurusha mawe kwa makombeo mpaka sauti zikawakauka, na watoto wakaacha shule wakaamie. Bado mtama ukaliwa. Siwalaumu kwa kuumia. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono, ndege akavuna yeye, ana haki ya kukasirika. Nawalaumu kwa walichokifanya na hasira hiyo.

Mwenyekiti wa kijiji, jina lake Mbwana, aliitisha mkutano. Akasema vichaka vyote vya mipakani vikatwe, maana ndimo ndege wanamolala, na kitakachobaki kipigwe sumu, wala hakuna aliyekumbuka kuuliza neno la mipaka mwaka huo ni la nani. Dokta Eliakunda akainua mkono, akaruhusiwa kwa shingo upande. Akawaambia si ndege wote ni kwelea.

"Kwelea anakula mtama wenu," alisema. "Kuzi anakula wadudu wanaokula mtama wenu. Mkiwaua wote, mtakuwa mmemuua mwizi pamoja na mlinzi."

"Ndege ni ndege," Mwenyekiti alijibu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza mtu wa mjini anawatafutia nini ndege katika mashamba ya watu, kama si kutaka ardhi ichukuliwe iwe hifadhi. Kwa jirani walianza hivyo hivyo, alisema, wakaja na darubini, na baada ya darubini vikaja vigingi, na baada ya vigingi watu wakahamishwa. Dokta aliapa kwamba hakutumwa na mtu. Hakuna aliyemsikiliza, na nikiwa mkweli, hofu yao haikuanzia hewani.

Basi wakakata. Shoka liliimba Irunda nzima, na kila mpaka ukabaki mweupe, isipokuwa mmoja.

Hapa ndipo kila mmoja wa wale watatu alipotoa chake, na msikilize vizuri, maana mtatakiwa kuvipima.

Bi Mwajabu alitoa ukaidi wake. Mwenyekiti alimfuata hadi mlangoni, akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bi Mwajabu alikuwa anapepeta, wala hakusimama.

"Kichaka ni changu na shoka ni langu," alisema. "Nitakata siku nitakayotaka mimi."

Wakamtenga. Zamu za kusaidiana palizi zikaruka shamba lake. Kisimani wenzake walinyamaza akifika. Hayo aliyavumilia. Kisha ikaja harusi ya bintiye, Mwanaidi, na kule harusi haitwangwi na mtu mmoja. Wanawake wa kijiji kizima huja na michi yao, wakatwanga kwa nyimbo. Bi Mwajabu alipanga vinu uani tangu asubuhi. Hakuja mtu. Akatwanga peke yake nafaka ya wageni wote wa upande wa bwana harusi, kinu baada ya kinu, na bibi harusi akavua kanga yake mpya akashika mchi kumsaidia mama yake. Majirani walisikia ule mdundo wa michi miwili. Walikuwa majumbani mwao, wameketi, wanausikia. Mimi nikifika hapa nataka kutukana, na ninajizuia kwa sababu yenu tu.

Swedi alitoa mikono yake. Siku ya sumu ilipotangazwa, Dokta alimwendea akamwomba awatege wale ndege wasio kwelea, awaweke salama mpaka mvua ya kwanza ioshe sumu. Swedi akamuuliza atakula nini msimu huo, maana kwelea aliyepigwa sumu hauziki, na hata akiuzika, yeye hawezi kulisha watu sumu. Hata hivyo hakukataa. Swedi akaenda akachukua matenga yake. Dokta alisikiliza na kuonyesha kwa kidole, huku kuzi, pale kipwe, chini kabisa dudumizi, na Swedi akashika mmoja mmoja mpaka nyumba yake ikajaa matenga kuanzia sakafuni hadi darini. Akaachana na kutega kwelea, akawa mtu wa kufukua vichuguu na kukimbizana na panzi ili kulisha wageni wake. Wanawe walilala kwa uji wa pumba ndani ya nyumba iliyojaa nyama inayoimba. Mdogo wao alipomuuliza kwa nini ndege wanakula na wao hawali, Swedi alitoka nje. Mkewe alichukua watoto akaenda nao kwao, akarudi baada ya mvua, na mpaka leo kuna mambo hawayazungumzi.

Dokta Eliakunda alitoa mwili wake. Makinda hayategeki. Yalikuwa viotani, ndani ya kichaka cha Bi Mwajabu, na wazazi walioachwa wayalee. Siku ya sumu vijana walifika na mabomba mgongoni, wakamkuta Dokta ameketi ndani ya kichaka, mbele ya viota, amefunga kanga puani. Wakasita. Wakamtazama Mwenyekiti.

"Anayekaa kwenye njia ya sumu ameamua mwenyewe," Mwenyekiti alisema. "Pigeni."

Wakapiga. Nasema wakapiga, na mtu yumo ndani. Walianzia ukingoni, wakaendelea, mpaka mmoja wao aliposikia Dokta anatapika ndipo akafunga bomba lake na kulitupa chini, na wenzake wakafuata. Walimbeba hadi zahanati. Sumu haikufika katikati ya kichaka, viotani, kwa hiyo makinda yalipona. Dokta naye alipona, ila mikono yake inatetemeka mpaka leo. Hawezi kushika darubini ikatulia, na kikombe cha chai anakinywa kwa kukiinamia mezani. Mwenyekiti hakuulizwa na mtu. Alikwenda kumjulia hali, akampelekea ndizi.

Mvua ikanyesha. Swedi akafungua matenga. Ndege walizunguka juu ya Irunda, wakatafuta pa kutua, na pakapatikana mahali pamoja tu. Wakaingia kichaka cha Bi Mwajabu wote.

Watu wakapanda mtama upya, kwa mbegu ya akiba iliyotolewa limbuko la nyuma, na mtama ukatoka vizuri ajabu. Kwelea hawakuonekana. Mwenyekiti alipita njiani kifua mbele akiwauliza watu kama wanaona sasa. Mtama ulipofika magotini, wakaja viwavijeshi.

Walikuja kimya, si kama kwelea. Kiwavi hana masikio ya kumfukuzia kwa kopo, na dungu halimsaidii mtu. Walitafuna shamba la Mwenyekiti, wakatafuna la jirani yake, wakavuka mipaka ile myeupe bila kukutana na kizuizi wala mdomo wa ndege. Walipofika kwa Bi Mwajabu, kichaka kikafunguka. Kuzi walishuka kwa makundi, kipwe wakachagua wanene, dudumizi wakatembea chini baina ya mistari wakiokota. Ilikuwa vita ya siku nzima, na kesho yake tena, na keshokutwa. Ndege hawakwenda mbali na maficho yao. Upande wa mbali wa shamba uliliwa ukaisha, ila kuanzia kichakani hadi katikati mtama ulisimama. Ndivyo Dokta alivyokuwa ameeleza mkutanoni, neno kwa neno, na waliompuuza walisimama njiani wakitazama, midomo wazi.

Mavuno ya Irunda nzima yakawa ghala moja, ghala la Bi Mwajabu. Humo ndimo kilimokuwa chakula, na humo ndimo ilimokuwa mbegu. Majirani waliosikia ule mdundo wa michi miwili wakaja na vikapu vyao, wakaketi uani kwake. Mawingu ya kupandia yalikuwa yameanza kukusanyika. Lakini mila ni mila: hakuna punje inayotoka kabla limbuko halijaliwa.

Ugali ukasongwa, ukawekwa kwenye bakuli, na aliyelibeba bakuli katikati ya watu, kwa cheo chake, alikuwa Mwenyekiti Mbwana. Mkono ule ule uliobeba ndizi hadi zahanati. Akauliza aliyeuokoa mtama ni nani.

Watu wakataja majina matatu kwa wakati mmoja. Mzee mmoja mwenye busara zake akasema kwanza tuwasikie, kila mmoja aseme akilimbua neno lake la mipaka litakuwa lipi. Laiti angenyamaza.

Dokta Eliakunda alisema akila yeye, kichaka kitafungwa. Asiingie mtu, si mwenye shoka wala mwenye tenga, mpaka ndege wazaane vya kutosha kurudi kwenye mipaka yote. Vichaka vipandwe upya, na pawekwe alama kila pembe ili pasiwe na ubishi.

"Alama gani?" Swedi aliuliza.

Dokta aliibana mikono yake magotini. "Vigingi," alisema.

Watu waliguna. Swedi alimtazama Dokta, yule mama aliyemjazia nyumba ndege. "Kumbe walisema kweli, Dokta," alisema, na hakusema kwa kelele.

Dokta akajitetea kwamba vigingi vya kulinda si vigingi vya kufukuza. Labda ni kweli. Lakini mtu aliyewahi kuona kigingi kikihamisha kijiji hawezi kukitofautisha na kingine kwa kukitazama, na Dokta, pamoja na masikio yake yote, hilo hakulisikia.

Swedi alisema akila yeye, atatega kwelea mdomoni mwa kichaka, kama alivyofanya baba yake. Kuzi akiingia tengani atamwachia, watu wanaijua mikono yake. Alisema watoto wake walikula pumba ili ndege waishi, na sasa anaomba ndege nao wawape watoto wake nafasi. Dokta akamjibu kwamba ndege wakilea makinda hawavumilii mtu kuingia na kutoka. Wataondoka, na mwakani viwavi watarudi. Swedi akasema huo ni utafiti, na njaa nayo aliitafiti nyumbani kwake.

Akabaki Bi Mwajabu. Alikuwa ameegemea mlango wa ghala lake, na watu walimtazama kwa mapenzi mengi, yale mapenzi ya mtu mwenye kikapu kitupu. Mwanamke mmoja alimwita dada.

"Nilimwambia Mwenyekiti nitakata siku nitakayotaka mimi," Bi Mwajabu alisema. "Siku hiyo imefika. Nikila, nakikata chote, mpaka mizizi, naichoma. Mtama huu chukueni, sina choyo cha chakula. Mimi nahamia kwa Mwanaidi. Lakini ndege wa mume wangu siwaachii nyie."

Dokta akamwomba, akamwita mama, akamkumbusha kwamba alikaa ndani ya sumu kwa ajili ya kichaka hicho hicho. Bi Mwajabu akamwambia anajua, na kwamba yeye ndiye peke yake anayemwonea haya. "Lakini siku ile ya harusi, mwanangu," alimwambia, "nilipanga vinu kumi na viwili." Kisha akaugeukia mlango wa ghala, na ukaidi wake mnaujua.

Basi mnaona. Aliyezuia shoka atalishika shoka. Aliyeisema kweli ataleta vigingi. Aliyewashika ndege bila kuwavunja atawafukuza kwa nyayo zake. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja hasira yake ina mzazi, na mzazi wa hasira zote tatu ameketi uani na kikapu, anasubiri mbegu.

Msiniambie wagawane. Bakuli ni moja na neno ni moja. Msiniambie wapewe ndege. Ndege hawali ugali, na hata wangekula, nani angewasikiliza neno lao wakati mtu mwenye digrii hakusikilizwa? Wala msiniambie wasubiri wapoe, maana mawingu hayasubiri, na mbegu isipopandwa wiki hii haipandwi tena mwaka huu.

Halafu kuna jambo moja nililiacha la mwisho kwa makusudi. Walipobishana mpaka jua likageuka, Mwenyekiti Mbwana alikohoa. Akasema kwa kuwa hawa watatu wameshindwa kuelewana, na kwa kuwa kijiji hakiwezi kukaa bila neno la mipaka, basi uongozi utalimbua kwa niaba ya wananchi. Neno lake halijabadilika, ndege ni ndege, na kuhusu viwavi ameshaulizia mnadani, ipo sumu yao. Akaomba maji. Akaletewa. Akanawa mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole, huku akiwatazama wale walioketi na vikapu, na wale walioketi na vikapu wakatazama chini.

Kama walivyoketi siku ya michi miwili. Kama walivyosimama siku ya sumu. Ndicho kipawa chao hao, na kipawa hicho hakikuhitaji jina.

Hapo nakata. Ugali unapoa, bakuli liko katikati, na atakayekula akila, hatapiki. Je, wewe ungempa nani: Dokta Eliakunda, Swedi, au Bi Mwajabu? Jibuni haraka, na kwa sauti. Mkinyamaza, mwenyekiti ameshanawa.